Mama ana miaka 76 na magoti yameisha, safari ni ya Melbourne: tumkatie daraja la biashara?

Binti Mpunguzi

Mbukwenyi ndugu zangu, na wa mikoa mingine habari za jioni.

Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Mdogo wangu anaishi Melbourne, Australia. Mkewe amejifungua mtoto wa kike na wamempa jina la mama. Mama anataka kwenda kumshika mjukuu wake. Viza imetoka, na kwa kuwa amevuka miaka 75 alitakiwa kupimwa afya kwanza, akapimwa, akapita. Nami nitamsindikiza. Kilichobaki ni tiketi.

Mama yupo Mpunguzi, hapa hapa Dodoma ukishika njia ya Iringa. Alitusomesha watoto wanne kwa zabibu, mavuno mawili kila mwaka, akiinama shina hadi shina na mkasi wa kupogolea. Magoti yake yaliishia humo shambani. Kabla treni ya umeme haijaanza nilimpeleka Dar kwa basi. Tuliposhuka Mbezi alishindwa kusimama. Akakaa kwenye ukingo wa zege, akanyanyua mguu wa kulia kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha mzigo wa mwenzake, akaniambia, "Niache kidogo tu." Kidogo hicho kilikuwa dakika ishirini. Na ile ilikuwa safari ya saa nane, basi lenyewe likisimama njiani watu wanashuka.

Sasa hii: Dar hadi Doha karibu saa 6, kisha Doha hadi Melbourne karibu saa 14, mbali na kusubiri katikati.

Kaka yetu mkubwa anasema tiketi moja ya daraja la biashara inazidi tatu za kawaida, na hela hiyo ni bora imjengee mama tangi la maji, atakalolitumia miaka yote, kuliko kuiteketeza kwa usiku mmoja. Sina jibu la kumrudishia, maana kila nikienda namkuta mama ananunua maji kwa dumu. Mama naye ukimuuliza anasema, "Mimi nitakaa popote, msihangaike." Ndivyo alivyosema hata siku ile ya basi.

Nilichowaza ni mama akae mbele alale, mimi nikae nyuma daraja la kawaida. Mliowahi kusafiri na wazazi mnasemaje?

Mkazi wa Kisasa

Dada, nimesoma nikaacha kazi niliyokuwa nafanya. Tafadhali usifanye hilo la mwisho ulilosema. Mimi nililifanya.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alikuwa na miaka 79 nilipompeleka Marekani kwa dada yangu. Niliwaza kama wewe: mzee alale, mimi nijibane huko nyuma. Nikamkabidhi kwa mhudumu mlangoni, nikaenda kwenye kiti changu. Usiku nilikwenda mbele mara mbili. Mara ya kwanza waliniruhusu dakika moja, nikamkuta ameshika mkongojo, akaniambia yuko sawa. Mara ya pili taa zilikuwa zimezimwa na pazia limefungwa, nikaambiwa kwa upole kwamba abiria wote wamelala.

Hakuwa amelala. Tulipotua nilimkuta na koti limefungwa vifungo vyote, vile vile nilivyomwacha. Kiti hakikuwa kimelazwa hata kidogo. Pembeni aliona vitufe vyenye picha ya mtu amekaa, mtu amejiegemeza, mtu amelala, akaogopa kubonyeza asije akaharibu kitu cha watu. Alikunywa glasi moja ya maji usiku kucha, kwa sababu vinywaji vilikuja vimeandikwa kwenye kadi kama ya hotelini, na yeye hakuwa na dola mfukoni. Chooni hakuingia. Mlango wa choo cha ndege unakunjika katikati ukiusukuma, yeye akawa anatafuta kitasa cha kuvuta, akadhani ndani kuna mtu, akarudi kukaa. Miguu ilivimba hadi kiatu cha kushoto kikagoma kuingia. Alivuka Uhamiaji amevaa kimoja, kingine kakishika mkononi.

Wahudumu hawakuwa na kosa. Walipita, wakamuuliza, akajibu asante, sihitaji kitu. Mtu aliyesimama mbele ya darasa miaka 34 hakutaka kumsumbua binti wa watu usiku. Mimi mwanawe ningejua kwa kumwangalia tu.

Kwa hiyo kaeni pamoja, iwe mbele iwe nyuma. Mkipata la mbele, ndege nyingi kubwa siku hizi zina kiti kimoja dirishani, viwili katikati, na kimoja dirisha la pili. Chukueni viwili vya katikati. Lakini hata hapo uliza, kwa sababu kwenye baadhi ya ndege viti hivyo hupishana: safu hii viko bega kwa bega, safu inayofuata vimetenganishwa na meza mbili na hamuonani. Wakala akufungulie mchoro wa viti uone kwa macho yako.

Na si lazima mlipie njia nzima. Mwambie wakala awapigie hesabu ya kipande kirefu peke yake, Doha hadi Melbourne, hicho cha kwanza mkae daraja la kawaida. Mashirika kadhaa hukubali kuchanganya madaraja kwenye tiketi moja. Huenda hapo mkapatana na kaka.

Kondoa Irangi

Mimi niko upande wa kaka. Nilisafiri na mama mzazi daraja la kawaida, saa 11, na tulifika salama. Nilimchukulia kiti cha kwenye ujia, mimi nikakaa katikati, basi hakumuomba mtu yeyote ruhusa ya kusimama. Kila baada ya saa moja na nusu nilimshika mkono tunatembea hadi jikoni kwa wahudumu na kurudi.

Kinachowachosha wazee mara nyingi ni viwanja, kuliko hata ndege yenyewe. Omba kiti cha magurudumu. Ni bure kwa daraja lolote, watu wengi hawajui na wanaona aibu. Omba angalau saa 48 kabla, na useme ukweli wa hali yake, maana huduma ni za aina tatu. WCHR ni kwa anayepanda ngazi mwenyewe ila hawezi umbali mrefu. WCHS ni kwa asiyeweza ngazi. WCHC ni kwa anayehitaji kufikishwa hadi kwenye kiti chake ndani. Kwa magoti uliyoyaeleza usikubali waandike ya kwanza, maana unaweza kukuta ndege imeegeshwa mbali, na ngazi ndiyo inakusubiri.

Tangi la maji si jambo dogo, dada. Lipime.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo kwa mama. Niseme ya upande wangu.

Damu kuganda miguuni haichagui daraja. Inatokana na kukaa bila kusogea, na anayelala saa tisa mfululizo kwenye kitanda cha mbele naye hajasogea. Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilieleza kwamba kwa safari ya saa 4 na zaidi hatari hiyo huongezeka kama mara mbili, ingawa kwa mtu mzima wa afya inabaki kuwa ndogo, takriban mmoja kati ya 6,000. Kwa wenye umri mkubwa, uzito mkubwa, waliofanyiwa upasuaji karibuni au waliowahi kupata tatizo hilo, hatari ni zaidi. Azungushe vifundo vya miguu, anywe maji, na muulize daktari wake kuhusu soksi za kubana. Zipimwe mguuni kwake kabla ya safari. Ikibana mahali pasipotakiwa inaleta madhara.

Jambo la pili ni hewa. Sisi Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndani ya ndege, ikiwa juu, hewa huwa kama ya mahali penye mita 1,800 hadi 2,400, yaani ni kama umempeleka mama Njombe au juu zaidi kwa saa 14, tena hewa kavu. Kwa magoti si tatizo. Ila kama ana tatizo la moyo au mapafu, amwone daktari kabla hamjalipa hata shilingi.

La tatu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kama anatumia dawa za presha na kati ya vidonge vyake kuna cha kumfanya akojoe, atakiacha kimya kimya siku ya safari ili asihangaike na choo. Nimewaona wengi. Mwende kliniki mapema, daktari mwenyewe apange akinywe saa ngapi. Dawa zote ziwe begi la mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Melbourne iko mbele yetu kwa saa 7, na saa 8 kipindi chao cha joto, kwa hiyo saa yake ya mkononi ibaki ya Tanzania mpaka mfike.

Zuhura Kizota

Na mzigo dada! Najua mama atataka kubeba mlenda mkavu, karanga na ubuyu. Australia ni wakali mno kwa vyakula, mbegu na majani. Kuna fomu ya kujaza, chakula chochote mlichobeba kitangazeni. Ukitangaza, kibaya zaidi ni kunyang'anywa. Ukificha unapigwa faini. Angalia na mafundo ya kanga zake, kina mama huweka mbegu kwenye fundo na kusahau.

Binti Mpunguzi

Mrejesho. Tumefika, leo ni siku ya tano. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kulea.

Nilimsomea kaka mkubwa maneno ya Mkazi wa Kisasa kwenye simu, neno kwa neno. Alikaa kimya muda. Akasema sawa, kipande kirefu tu, nyote wawili, na mavuno ya Agosti ni ya tangi, mtu asiyaguse. Nikakubali, na mdogo wangu wa huku akaongezea palipopungua.

Tulitoka Dodoma kwa Mchongoko, ile treni ya umeme, siku moja kabla, tukalala kwa mama mdogo Ukonga ili foleni ya Barabara ya Nyerere isitupe presha. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa namwonyesha mama video za ndani ya ndege akiwa jikoni anasonga ugali: choo kinavyosukumwa, mkanda unavyofunguliwa. Alikuwa anaangalia kimya. Siku moja nikamkuta anamweleza jirani jinsi mlango unavyokunjika.

Kipande cha kwanza kilikuwa kigumu, sitaficha. Saa ya nne alianza kukanda goti. Tulitembea kama Kondoa Irangi alivyosema, na Doha kiti cha magurudumu kilitukuta mlangoni.

Ndege ya pili tulipata viti viwili vya katikati, vya kugusana. Baada ya chakula nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya kitufe chenye picha ya mtu amelala, nikabonyeza nacho. Kiti kilipoanza kusogea alinishika mkono kwa nguvu. Kikaendelea kushuka, miguu ikapanda, hadi kikanyooka. Mhudumu akaja na godoro jembamba, akatandika. Mama akamwangalia yule binti akikunja pembe za shuka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mwenye kitanda hiki atalala wapi?" Nikamwambia ni chako mama, kimelipiwa. Akatoa kitenge chake, akajifunika juu ya blanketi lao.

Alilala saa sita. Katikati nilimwamsha mara moja, akanywa maji, tukaenda chooni, akausukuma mlango mwenyewe. Nyumbani mama hulala ubavu amejikunja, tangu mimi mdogo namjua hivyo. Usiku ule nilikaa namtazama amelala chali, magoti yamenyooka chini ya kitenge, nyayo zimetokeza kwa mbele, kisigino cha kulia kina ule mpasuko wa siku zote. Sikuona filamu hata moja.

Muuguzi, ulisema kweli. Kidonge alikuwa amekificha kwenye leso tangu Dar. Asante kwa kunitahadharisha, nilikuwa na karatasi ya daktari yenye saa zake, nikamwonyesha, akakinywa.

Zuhura, mlenda tuliuacha. Ubuyu tuliutangaza, afisa akauchukua kwa sababu ya mbegu, akatushukuru kwa kusema, tukapita.

Na Mkazi wa Kisasa, kabla hatujashuka nilipiga magoti kwenye ujia nikamvalisha mama viatu. Vyote viwili viliingia.