Naomba ushauri: kujikinga na moto kwenye nyumba ya kale Mji Mkongwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nakaa Malindi, mtaa wa hapa hapa Mji Mkongwe, Unguja, nyumba ya mawe ya familia, dari zote ni boriti za mikoko na mbao zilizokauka miaka mingi. Kichochoro chetu gari ya zimamoto haipiti. Wakija itabidi wavute mipira kutoka barabarani, na dakika hizo ndizo zinazonitia hofu, maana bi mkubwa analala ghorofa ya pili na miguu haimsaidii tena.

Nyaya za umeme fundi atazibadilisha, hilo limeshapangwa. Linaloniumiza kichwa ni mtungi wa kuzimia moto. Wa maji haufai kwenye umeme wala mafuta ya kukaangia yakishika moto. Wa kaboni dioksidi hauachi uchafu, ila haupozi mbao, moto unaweza kuwaka tena. Wa unga mkavu unafaa kwa vingi, lakini wingu lake ndani ya chumba kidogo, na mgonjwa yumo! Mliowahi kuutumia mnasemaje? Wa kilo ngapi, na mmoja kila ghorofa unatosha?

Halafu gesi ya kupikia. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, na jiko letu liko juu, karibu na ngazi. Niuhamishie mtungi wa gesi uani?

La mwisho ndilo zito kwangu. Ami anaweka dumu la petroli ya jenereta chini ya ngazi, na hiyo ndiyo njia yetu pekee ya kutokea. Ni mzee wetu, nyumba kailea yeye. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?