Namna ya kupima uzito ambao wajumbe wa kamati za ajira huupa kila taarifa ya mwombaji

MtafitiUtumishi
Ninaandaa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu namna wajumbe wa kamati za ajira wanavyozipima taarifa za mwombaji: elimu, miaka ya uzoefu, alama za mtihani wa mchujo, maoni ya wadhamini na usaili. Nilikusudia kuwapa dodoso na kuwaomba wagawe alama 100 kati ya vigezo hivyo, lakini msimamizi wangu amelikataa, akisema litanieleza wanachokiamini kuhusu uamuzi wao na si wanachokifanya. Ninakubaliana naye, ila maamuzi halisi ni ya siri na mafaili ya waombaji siwezi kuyafikia. Je, ipo njia ya kuujua uzito huo bila kumwuliza mwamuzi mwenyewe?

Mwalimu wa Saikolojia ya Kazi
Ndugu, njia hiyo ipo, na ina historia ndefu. Misingi yake inatokana na kazi ya mwanasaikolojia Egon Brunswik, na mwaka 1960 mwenzake wa fani hiyo, Paul Hoffman, alionesha jinsi regresheni, yaani hesabu ya takwimu inayokadiria mchango wa kila kigezo katika jibu, inavyoweza kuuwakilisha uamuzi wa mtu mmoja. Tunga waombaji wa kubuni, ubadilishe viwango vya vigezo kutoka mwombaji mmoja hadi mwingine, kisha mwombe kila mjumbe aseme kila mmoja wao anafaa kwa kiasi gani. Majibu hayo ukiyaingiza katika regresheni, utaona ni kigezo kipi kilichoyapandisha au kuyashusha.

Nakusihi ufanye hesabu ya kila mjumbe peke yake kabla ya kutafuta wastani, kwa sababu wajumbe wawili wenye misimamo inayopingana, wakiunganishwa, hutoa picha ya mtu wa tatu asiyekuwepo. Waombaji wachache wa kubuni uwaoneshe tena bila kumwarifu mjumbe, ili upime kama anatoa jibu lilelile kwa taarifa zilezile.

Dodoso lako pia usilitupe, liweke mwishoni. Katika mapitio yao ya tafiti za uamuzi ya mwaka 1971, wanasaikolojia Paul Slovic na Sarah Lichtenstein walieleza kwamba watu huelekea kuvikuza vigezo vidogo wanapoeleza uamuzi wao, ilhali kwa kweli wameegemea vichache tu. Pengo hilo kati ya kauli na tendo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha utafiti wako.

AfisaAjira
Naongeza tahadhari kutoka upande wa kazi yenyewe. Ukivitenganisha vigezo kabisa ili hesabu iwe safi, utapata mwombaji mwenye umri wa miaka 24 na uzoefu wa miaka 15, na mjumbe makini akishamwona huyo hatawachukulia wengine kwa uzito. Acha vigezo vihusiane kama vinavyohusiana kazini, mradi uhusiano huo usiwe mkubwa kiasi cha kushindwa kuvitofautisha.

Jambo linalonihangaisha zaidi ni usaili, kwa kuwa alama ya usaili iliyoandikwa kwenye karatasi haina nguvu ya mtu aliyeketi mbele yako. Mwaka 2013, Jason Dana, Robyn Dawes na Nathanial Peterson walichapisha majaribio ambamo wasaili walitabiri matokeo ya masomo ya wanafunzi. Baadhi ya wasailiwa walijibu kwa kufuata kanuni ya kubahatisha, na bado wasaili waliona wamewafahamu. Utabiri wao ulikuwa dhaifu kuliko ule uliotegemea alama za awali pekee. Kwa hiyo matokeo yako yasomeke kama uzito wa alama ya usaili, si wa usaili wenyewe.

MtafitiUtumishi
Ahsanteni sana, nitaandika mpaka huo waziwazi katika sura ya mbinu. Kwa vigezo vitano, waombaji wa kubuni wawe wangapi?

Mwalimu wa Saikolojia ya Kazi
Wasipungue watano kwa kila kigezo, yaani 25, na wakifika 50 makadirio yatatulia zaidi. Zaidi ya hapo uchovu huingia, na mjumbe aliyechoka huanza kutazama kigezo kimoja tu. Mpangilio wao ubadilishe kwa kila mjumbe, na uanze na majaribio madogo kwa watu ambao hutawatumia katika utafiti.