Tiba ya jeni kwa selimundu: je, itawafikia watoto wetu?

Mama Neema:
Ndugu zangu, nina binti wa miaka 9 mwenye selimundu. Nimesoma kwamba mnamo Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata mwezi Desemba. Naomba anayefahamu anieleze inavyofanya kazi, na kama mzazi wa huku kwetu anaweza kuitegemea.

Mwalimu wa Baiolojia:
Pole kwa kuuguza, dada. Selimundu hutokana na kosa la herufi moja tu katika jeni ya himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni kwenye damu, na kwa kosa hilo seli nyekundu hujipinda kama mundu zinapopungukiwa oksijeni. Wengi hudhani kwamba Casgevy husahihisha herufi hiyo, lakini sivyo. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyo na kosa, ambayo baada ya kuzaliwa huzimwa na jeni iitwayo BCL11A. Wataalamu huchukua seli shina za mgonjwa, yaani zile zinazozalisha seli za damu, huidhoofisha BCL11A ndani yake kwa mkasi wa CRISPR, yaani zana ya kukata jeni, uliowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2020, kisha huzirudisha mwilini, na ile himoglobini ya awali huanza kutengenezwa tena. Kwangu mimi, huu ni ugunduzi mzuri mno. Hata hivyo, idhini hizo zilihusu wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea.

Muuguzi wa watoto:
Naomba niongeze, mama, kwa sababu bei ya dola milioni 2.2 kule Marekani siyo kikwazo pekee. Kabla seli hazijarudishwa, uboho wa mgonjwa husafishwa kwa dawa kali ya kemotherapia, ambayo humwacha bila kinga kwa wiki kadhaa na inaweza kumnyima uwezo wa kuzaa. Hata tungepewa tiba hii bure kesho, tungehitaji wodi maalumu na benki ya damu isiyopungukiwa. Ndiyo maana watafiti wanatafuta njia ya kuufikisha mkasi huo kwenye uboho kwa sindano, bila kemotherapia. Ugumu ni kuzilenga seli zinazohusika bila kugusa nyingine.

Kwa sasa, je, binti anatumia haidroksiyurea? Nayo huongeza himoglobini hiyohiyo, na ni kidonge cha kila siku. Utafiti uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto 606, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Inaumiza sana kuona watoto wakilazwa mara kwa mara bila hata kuelezwa kuwa dawa hiyo ipo.

Mama Neema:
Ahsanteni sana. Binti yangu hupewa asidi ya foliki na dawa za maumivu tu, na hiyo haidroksiyurea sijawahi kuisikia. Je, kuna vipimo ambavyo daktari atavihitaji kabla ya kumwanzishia?

Muuguzi wa watoto:
Ndiyo, mama. Kipimo cha wingi wa damu kwanza, pamoja na cha figo na ini, kisha damu hurudiwa kupimwa mara kwa mara, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kushusha seli nyeupe.