Saint-Jean ya Québec: moto wa wapagani, siku ya mtakatifu, au sikukuu ya chama?

Mtoa mada (Montréal)

Wakuu, heshima kwenu.

Jumapili iliyopita mchungaji wetu aligonga mimbari akasema mzazi atakayempeleka mtoto kuota moto wa Saint-Jean, ile sikukuu ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji ya tarehe 24 Juni hapa jimbo la Québec, ajue amempeleka kwenye madhabahu ya mizimu. Binti yangu ana miaka 10, na yumo kwenye kwaya itakayoimba bustanini jioni ya mkesha. Tulirudi nyumbani garini kimya. Usiku, anapiga mswaki, akaniuliza: "Baba, kwani mizimu inajua Kifaransa?"

Sikuwa na jibu, nikaingia kusoma. Nawaletea nilichopata na msimamo wangu, mnipinge.

Sisi tuliozaliwa Fizi, mashariki ya Kongo, tukamalizia utoto kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tunalijua jua la kwetu. Linatoka na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kushangilia urefu wa siku, maana siku haijawahi kurefuka. Moto huu niliuelewa baada ya baridi yangu ya kwanza hapa. Desemba mchana haufiki masaa 9, unaingia kazini giza na unatoka giza. Juni mchana unapita masaa 15, na jua linazama saa tatu kasoro robo usiku. Mtu aliyetoka kwenye ile Desemba akiwasha kuni na kucheza, mimi simshangai hata kidogo.

Kwa hiyo upagani sikatai kwamba umo. Eligius, askofu wa Noyon kule Ufaransa katika karne ya 7, anatajwa kwenye simulizi ya maisha yake akiwakanya Wakristo wasicheze, wasiruke wala kuimba nyimbo za kishetani siku ya Mtakatifu Yohana. Askofu hakatazi kitu kisichofanyika. Watu walikuwa wamebatizwa na ngoma yao ya siku ndefu wakaja nayo. Karne elfu moja na ushee, hapana, nisizidishe chumvi, miaka elfu moja baadaye, Wafaransa walipohamia Québec walikuja na moto uleule, na mapadri wa Kijesuiti wakauandika kwenye kumbukumbu zao pasipo kulalamika.

Ila ukiniuliza ni roho gani inayokaa kwenye moto ule leo, nitakwambia ni ya Ludger Duvernay, mwenye gazeti. Tarehe 24 Juni 1834 huyu bwana aliandaa karamu ya watu kama 60 kwenye bustani ya wakili mmoja hapa Montréal. Aliwaona Waayalandi wana siku yao ya Mtakatifu Patrick, akaona na Wakanada wa Kifaransa wapate ya kwao. Waliokaa mezani walikuwa wanasiasa waliokuwa wanabishana na utawala wa Mwingereza. Miaka mitatu baadaye yakawa maasi ya silaha, na Duvernay akakimbilia Marekani. Hapo mizimu iko wapi? Hiyo ni siasa tupu, imevaa kanzu ya mtakatifu.

Tangu hapo kila mwenye nguvu ameivuta kwake. Kanisa likaichukua: mwaka 1908 Papa Pius X akamtangaza Yohana Mbatizaji kuwa mlinzi wa Wakanada wa Kifaransa, na kwa miaka mingi gwaride lilikuwa na mtoto mzungu wa nywele za dhahabu zilizosokoteka, amekaa na kondoo. Mwaka 1968 vijana waliotaka Québec ijitenge walirusha chupa kwenye jukwaa alimokaa Pierre Trudeau, waziri mkuu wa Kanada. Wakubwa wenzake wakakimbia, yeye akagoma kuondoka, kamera zinamtazama, na uchaguzi ni kesho yake. Akashinda. Mwaka uliofuata waandamanaji wakaiangusha sanamu ya Mtakatifu Yohana, kichwa kikang'oka. Yohana amekatwa kichwa mara ya pili! Kisha 1977 serikali ya jimbo ya René Lévesque, ya chama kinachotaka kujitenga, ikaitangaza rasmi kuwa sikukuu ya taifa la Québec, ya watu wote, si ya Wakatoliki peke yao.

Msimamo wangu: hoja ya upagani inatupotezea muda. Swali ni sisi tuliokuja juzi tunaenda pale kama nani. Naomba kuwasilisha.

MamaFuraha (Sherbrooke)

Ndugu mtoa mada, umeandika vizuri ila umempa mchungaji wako ushindi wa bure. Fungua Luka sura ya kwanza. Malaika anamwambia Mariamu kwamba Elisabeti, aliyeitwa tasa, yuko mwezi wa sita. Ukishaweka Krismasi Desemba, Yohana anaangukia mwisho wa Juni, hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Jua halikuulizwa.

Na kama jua limo, limo kwa namna yetu. Yohana mwenyewe alisema: "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Baada ya siku yake mchana unaanza kupungua, baada ya Krismasi unaanza kuzidi. Mtakatifu Augustino alilihubiri hilo zamani. Mwambie mchungaji alisome kabla ya kugonga mimbari.

Mimi linaloniuma ni kwamba mwenye siku amefukuzwa kwenye siku yake. Karatasi za serikali zinatanguliza "Fête nationale", yaani sikukuu ya taifa, jina la Yohana limesukumwa pembeni. Msalaba uliokuwa juu ya kiti cha spika wa bunge la Québec tangu 1936 wameushusha Julai 2019, mwaka uleule walipopitisha sheria ya kumkataza mwalimu kuvaa hata msalaba mdogo darasani. Lakini tarehe ya mtakatifu wameishika kwa mikono miwili. Huo mtaniambia ni nini?

Mtoa mada

Mama, hesabu nakubali. Lakini hesabu yako imesimama juu ya Krismasi, na mchungaji wangu Krismasi yenyewe ana mashaka nayo 😅

Mkusini (Toronto)

Assalaam alaykum wote. Mimi mtu wa Kusini Unguja. Haya mnayobishania kwetu ni wimbo wa kila Julai. Makunduchi Mwaka Kogwa ukifika, kinajengwa kibanda cha makuti na kutiwa moto, wanaume wanatandikana kwa makuti ya migomba, wanawake wanaimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Asili inarudishwa kwa Waajemi na mwaka mpya wao. Kila mwaka wako wanaosema ni ushirikina, na kila mwaka viongozi wa serikali wanakuja kukaa mbele. Na waumini wa msikitini haohao ndio wanaopika wali wa wageni. Moto haujamtoa mtu kwenye dini.

Swali langu kwenu ni jengine. Nyinyi mumeapa uraia wa Kanada. Vipi muadhimishe siku ya jimbo, tena ya watu wanaotaka kuivunja nchi iliyokupokeeni? Subirini tarehe 1 Julai, siku ya Kanada, kama sisi huku Ontario.

Mtoa mada

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu Mkusini, tarehe 1 Julai Montréal hakuna sikukuu, kuna kuhama. Mikataba ya pango karibu yote inaisha siku moja, kwa hiyo unayemwona barabarani amebeba bendera kumbe amebeba godoro. Mimi miaka mitatu mfululizo nimeisherehekea Kanada nikiwa chini ya friji kwenye ngazi za nje, zile za chuma zinazojipinda.

Halafu "O Canada" mnaouimba huko Toronto mkono kifuani uliimbwa mara ya kwanza wapi? Jiji la Québec, tarehe 24 Juni 1880, kwenye Saint-Jean, kwa Kifaransa. Wimbo wenu umezaliwa kwenye sikukuu yetu.

Lushois (Gatineau)

Nimecheka. Lakini niruhusuni mzee wenu niseme, maana hiyo tarehe mnaichezea tu.

24 Juni! Sisi wa Zaïre tarehe hiyo tulikuwa nayo kabla hatujasikia Québec. Katiba ya Mobutu ni ya 24 Juni 1967. Miaka michache mbele bwana mkubwa akaja na uhalisi: tuache majina ya Kikristo, turudi kwa mababu. Mimi nilibatizwa kwa jina moja, nikamaliza sekondari kwa jina lingine. Mwaka 1974 akaiondoa Krismasi kwenye orodha ya sikukuu. Alisema ni kwa ajili ya mababu. Mababu gani? Badala ya nyimbo za kanisani tulichezeshwa uwanjani masaa mengi juani tukimsifu yeye na chama chake, na asiyetokea jina lake lilikuwa linaandikwa.

Kwa hiyo nikisikia "sikukuu ya kisiasa" nauliza jambo moja: nisipokwenda, nani ataandika jina langu? Hapa Québec nimekaa miaka 19. Kuna miaka nilikwenda, kuna miaka nililala, na hakuna balozi wa mtaa aliyegonga mlango. Lévesque aliitumia ile siku, ndiyo. Hata Trudeau alitumia zile chupa za 1968, nani asiyejua. Ila siasa ninayoweza kuilalia usingizi mimi hainitishi.

MgumuKuamini (Laval)

Mzee Lushois shikamoo, lakini umelegeza mno.

Oktoba 1995 kura ya maoni ya kujitenga, upande wa "Hapana" ulipata asilimia 50.58. Usiku ule waziri mkuu wa Québec, Jacques Parizeau, akasimama mbele ya watu wake akasema wameshindwa kwa sababu ya pesa na kura za makabila. Makabila ni nani? Ni baba yangu, aliyepiga kura yake ya kwanza maishani bila askari kumsimamia. Alizima televisheni akakaa gizani. Kesho yake Parizeau alitangaza kujiuzulu, sawa. Lakini maneno yalishatoka.

Leo mnaniambia nijipake bluu na nyeupe za bendera ya Québec mashavuni niimbe "sisi". Sisi nani? Mnaposema "taifa" hapa muwe mnauliza linahesabu kuanzia babu wa ngapi.

binti_ParcEx

Shikamooni wazee wangu. Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama, mtanisamehe.

Mimi nimezaliwa hapa. Kaka Mgumu, nakuelewa, na nakuongezea. Mwaka 2017 video ya gwaride la Montréal ilizunguka dunia nzima: gari la maonyesho, juu yake mwimbaji mzungu na wenzake wamevaa nyeupe, chini vijana weusi wamevaa nguo za rangi ya udongo wanalisukuma. Waandaaji wakaeleza kwamba ni wanafunzi wa timu ya michezo ya shule waliojitolea, hakuna aliyepanga ionekane vile. Naamini hakupanga mtu. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Watu wazima wote wale walikaa, wakapanga nguo, wakapanga muziki, wakapanga nani aende wapi, na hakuna hata mmoja macho yake yaliyoona.

Lakini siwaachii siku yangu. Serikali ileile ya Lévesque, mwaka uleule wa 1977, ndiyo iliyotunga Sheria 101, watoto wa wahamiaji wote wasome kwa Kifaransa. Mimi ni zao la sheria hiyo. Naota ndoto kwa Kifaransa, napenda kwa Kifaransa, naapiza kwa Kifaransa (mama asisome hapa), tena matusi ya Québec yote ni vyombo vya altare. Hii lugha nimepewa kwa siasa hiyohiyo. Nikikaa nyumbani tarehe 24, wanaobaki kupanga nani anasukuma gari ni walewale.

Mzee Lushois, kwamba hakuna anayeandika jina langu nikikosa, hilo kwangu ndilo tatizo. Ningependa waone kwamba sipo.

Lushois (Gatineau)

Mwanangu, umenikamata. Hilo sikuliangalia.

MgumuKuamini (Laval)

Dada umesema, ila bado siendi. Wakinihitaji wanajua Laval ni wapi.

Mkusini (Toronto)

Mimi nimebaki na "vyombo vya altare". Kumbe kanisa halikufukuzwa, limehamia kwenye matusi.

MamaFuraha (Sherbrooke)

Mkusini usinichekeshe, na mimi nayasikia kazini kila siku. Tabernakulo, kalisi, hostia, mtu akijigonga kidole tu.

Mtoa mada

Nimewasoma wote. Maneno ya binti wa Parc-Extension nimeyasoma mara mbili, nikayarudia kwa sauti kwa mke wangu, kwa sababu wetu tunamlea aje kuwa vile na hatujui tunafanya nini.

Jana nimemwuliza mwalimu wa kwaya wataimba nini. Nyimbo nne, hakuna wa chama, mmoja ni wa kuwasalimia majirani. Moto utawashwa saa tatu na nusu usiku, zimamoto wakiwa wamesimama pembeni na mpira wa maji tayari. Tutakwenda. Mke wangu bado anamsikiliza mchungaji, amesema atatupeleka ila atabaki garini na kioo amefungua, asikie mtoto anavyoimba. Mchungaji nitamwona Jumapili na Luka wangu wa Mama Furaha.

mgeni_wa_Québec

Samahani kuingilia, mimi niko kiwandani miezi miwili tu. Msimamizi anasema Saint-Jean ni ya Wakatoliki, asiye Mkatoliki akipumzika halipwi. Ni kweli?

Lushois (Gatineau)

Si kweli hata chembe. Kuna sheria maalumu ya sikukuu ya taifa. Unapumzika na unalipwa sehemu moja ya 20 ya mshahara wako wa wiki nne zilizotangulia, ukitoa saa za ziada. Wakikuita kazini siku hiyo wakulipe kazi yako, na juu yake hiyo sehemu ya 20 au siku nyingine ya kupumzika. Dini haiulizwi. Tunza karatasi zako za mshahara tangu mwisho wa Mei, na akibisha umwombe akuandikie hayo maneno yake kwa maandishi.