Tupeane uzoefu: uliwahi kuweka wakili? Mambo yalikwendaje?

Wakuu, jirani kasogeza ukuta hatua nne ndani ya kiwanja changu. Baraza la kata limetusuluhisha ikashindikana, sasa naelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sijawahi kukanyaga huko. Waliopitia, wakili mlimpataje na mlimlipaje?

Mama Kulwa: Mie nililizwa. Kijana alinidaka getini mwa mahakama, suti imenyooka, faili kwapani: "Mama, una shauri gani?" Nikampa laki tatu mkononi, risiti hakuna. Akaniandikia maombi, akagonga muhuri. Siku ya kutajwa wakili wa upande wa pili akaweka pingamizi: aliyegonga muhuri hayumo kwenye orodha ya mawakili. Kishoka! Shauri likaondolewa, nikaanza upya. Binti yangu ndiye aliyenionyesha e-Wakili ya Mahakama, unaandika jina unaona kama yumo. Na hata wakili wa kweli, asipohuisha leseni ya mwaka huo hawezi kukusimamia.

Fundi Bati: Ukuta upige picha leo, kabla hajapiga plasta. Na cheti cha kata kwamba usuluhishi umeshindikana usikiache nyumbani, bila hicho wilayani hawakusikilizi.

Mzee wa Kirumba: Wangu alitaka milioni mbili. Tuliandikiana: nusu kufungua, nusu iliyobaki mashahidi wakishamaliza. Nauli na kopi juu yangu. Kilichonikuta ni rufaa. Nimeshinda, nimechinja na mbuzi, mpinzani kaenda Mahakama Kuu ndani ya zile siku 45. Namwuliza wakili, ananijibu, "Mzee, hiyo ni kazi nyingine." Nilirudi kwenye karatasi yetu, kweli rufaa haikuandikwa popote.

Dada Salma: Mirathi ya mume wangu sikuweka wakili. Mahakama ya Mwanzo, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, karani akanielekeza fomu, ada nikalipia kwa kontrol namba. Nikateuliwa msimamizi nikadhani yameisha. Kumbe kuna fomu namba V ya orodha ya mali na madeni, ndani ya miezi minne, halafu VI ya hesabu kwa muda inaopanga mahakama. Nilikuja kushtushwa na wito.

Bwana Mapema: Mapema jina tu, jamani. Nilifika saa mbili kamili, hadi saa sita sijaitwa, njaa ikanipeleka kwa mama ntilie. Narudi na kijiti mdomoni, karani ananiambia umeitwa mara tatu, shauri limeondolewa. Kwa sahani ya wali maharage!

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Picha nimepiga, kumbe kashaongeza kozi mbili za tofali. Mzee wa Kirumba, wakili wako unaweza kunipa namba yake?

Mzee wa Kirumba: Njoo inboksi. Ila kupokea simu ana uvivu, mfuate ofisini asubuhi.