Tupeane uzoefu: familia yako ilianzaje kupunguza taka na matumizi nyumbani?

Mwanzilishi wa mada

Salaam, ndugu zangu. Ningependa tusimuliane jinsi familia zetu zilivyoanza kuishi kwa kununua kidogo, kutupa kidogo na kutumia maji na umeme kwa kiasi. Ninaomba kila atakayechangia aeleze aliyoyafanya mwenyewe, pamoja na yale yaliyomshinda, kwa sababu orodha za ushauri tumekwisha kuzisoma za kutosha.

Kwetu hapakuwa na uamuzi wowote mkubwa. Miaka 6 iliyopita bomba la jikoni lilikuwa likidondosha tone moja kila sekunde, nasi tulikuwa tumelizoea hata hatulisikii tena. Jioni moja mwanangu, aliyekuwa akijifunza vipimo shuleni, alilikingia ndoo, na asubuhi tukakuta imejaa kiasi cha lita 10. Alifanya hesabu ya mwaka mzima, akapata zaidi ya lita 7,000, kisha akaniuliza kwa nini huwa ninamgombeza anapoacha maji yakitiririka wakati wa kupiga mswaki. Sikuwa na jibu. Raba iliyochakaa ndani ya bomba lile niliibadilisha mwenyewe kwa muda usiozidi nusu saa.

Baada ya hapo tuliingia katika kosa ambalo nadhani wengi wenu mtalitambua, la kuamini kwamba maisha ya kutunza mazingira yananunuliwa. Tuliondoa vyombo vya plastiki vilivyokuwa bado vizima tukaweka vya kioo, na tukajaza kabati mifuko ya pamba iliyozidi idadi ya mikono ya kuibeba. Baadaye nilisoma utafiti uliotolewa mwaka 2018 na mamlaka ya mazingira ya Denmark, uliokadiria kwamba mfuko wa pamba ya kawaida sharti utumike mara 52 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki kwa upande wa tabianchi peke yake, na mara 7,100 zikijumlishwa athari zote zilizopimwa. Hesabu hiyo haikuingiza madhara ya mifuko inayozagaa ovyo, kwa hiyo sisemi turudi kwenye plastiki; ninachosema ni kwamba mfuko nilio nao tayari ndio bora, hata ukiwa na kiraka. Siku hizi kila kitu tunachotamani kununua huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, na hungoja siku 30. Vingi hufutwa na yule yule aliyeviandika.

Mama Pacha

Ahsante kwa mada hii, kaka, ila naomba niongeze jambo ambalo akina baba wengi hulipita. Tulipojaliwa mapacha, mume wangu alisoma sana na kushawishika kwamba tutumie nepi za vitambaa. Nilikubali kwa moyo mmoja, lakini aliyesoma hakuwa ndiye aliyefua. Nilifua kwa miezi 3, usiku na mchana, mpaka siku moja nikaliacha beseni lilipo nikaenda kulala. Tulirudi kwenye nepi za kutupa, na kwa muda mrefu nilijiona mvivu niliyeiangusha familia.

Mambo yalibadilika tulipogawana kazi badala ya kugawana lawama. Tulikubaliana kwamba vitambaa vitumike mchana tu na za kutupa zibaki kwa usiku na safari, na kwamba zamu ya kufua iwe ya mume wangu siku 4 kwa wiki. Mpango huo ulidumu hadi watoto walipoacha nepi. Jambo la kuchekesha ni kwamba, alipoanza kufua yeye, ndipo alipogundua kuwa sehemu kubwa ya umeme wa mashine ya kufulia huishia katika kupasha maji, na mara moja akaamuru nguo zetu za kawaida zifuliwe kwa maji baridi. Mimi nilikuwa nimeyasema hayo kwa mwaka mzima.

Mzee wa Lundo

Mimi nilianza kutengeneza mboji, na ndani ya wiki 3 jirani alikuja kuuliza kama kuna mnyama aliyefia uani kwangu. Nilikuwa nikirundika mabaki mabichi ya jikoni peke yake, ambayo yana maji na nitrojeni nyingi, pasipo majani makavu wala karatasi zilizochanwa za kuongeza kaboni na kupitisha hewa. Hewa ikikosekana hutawala bakteria wasiohitaji oksijeni, na hao ndio hutoa uvundo pamoja na methani, gesi ambayo huongeza joto la dunia kwa nguvu kuliko kabonidayoksaidi. Nilijidai mtunza mazingira kumbe nimefungua dampo. Sasa kila ndoo ya vitu vibichi huifuatisha ndoo 2 au 3 za vitu vikavu, hugeuza lundo kila wiki, na huhakikisha kwamba unyevu wake haupiti ule wa kitambaa kilichokamuliwa. Nyama na mafuta siweki kabisa, maana huvuta panya.

Hata hivyo, kilichonibadilisha ni kule kuyabeba mabaki kwa mikono yangu. Kabla ya hapo sikujua tulikuwa tukipika kupita kiasi namna gani. Nilipokuja kusoma ripoti ya mwaka 2024 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inayokadiria kwamba asilimia 60 ya chakula kilichotupwa na wauzaji, watoa huduma za chakula na kaya mwaka 2022 kilitoka majumbani, ndoo yangu ilikuwa imekwisha kunisomea habari hiyo. Tunapika kwa kupima, na lundo limepungua hata mbolea hainitoshi.

Mgeni wa Jana

Langu ni fupi, nalo ni onyo. Nilipoacha sabuni kali nilianza kusafisha kwa siki, na siku moja nikaimwaga mahali palipokuwa na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Nilitoka bafuni nikikohoa na machozi yakinibubujika. Tafadhali, msivichanganye kamwe.

Mwanzilishi wa mada

Mgeni wa Jana, pole sana. Mama Pacha, nimeyasoma maneno yako mara mbili, kisha nikamuuliza mke wangu ni nani huosha chupa na makopo tunayoyatunza ili yatumike tena. Alinitazama tu. Kuanzia leo kazi hiyo ni yangu.

Mama Pacha

Hongera, kaka. Anza na yale yaliyokuwa na mafuta, na uyaloweke kwa maji ya moto tangu usiku.