Cheti cha naitroksi kina faida kwa sisi tunaoongoza wageni Mnemba?

MtotoWaNungwi

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaozamia, kisiwa cha Mnemba hapa Zanzibar sana sana, mizamo miwili kila asubuhi, na msimu ukichanganya hakuna cha mapumziko. Bosi anataka nisome kozi ya naitroksi, ile hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni, nusu ya ada atoe yeye, nusu nitoe mimi. Hapa kituoni kila mtu na lake. Mmoja anasema ni hewa ya kwendea kina kirefu, mwengine anasema mtungi unachelewa kuisha, mwengine anasema ni biashara ya vyeti tu. Hesabu zake ni ngumu? Na mitungi hii hii ya kila siku inafaa?

MwalimuWaChole

Mdogo wangu, wote watatu wamekosea, na huyo wa kwanza usimfuate majini.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, iliyobaki karibu yote nitrojeni. Naitroksi tunayotumia mara nyingi ni ya asilimia 32 au 36. Oksijeni imeongezwa ili nitrojeni ipungue, kwa sababu nitrojeni ndiyo inayojijenga mwilini na kukubana muda wa kukaa chini. Kwa jedwali la PADI, shirika linalotoa vyeti vya uzamiaji, mita 18 kwa hewa ya kawaida unapewa dakika 56. Kwa 32 unapewa 95. Pumzi unavuta zile zile, kwa hiyo mtungi utaisha vile vile. Na wewe unayerudi majini kila siku faida yako ni kubwa kuliko ya mgeni wa wiki moja.

Kwenye kina sasa. Oksijeni yenyewe ikizidi presha inageuka sumu. Kikomo cha presha ya oksijeni tunachofundisha ni bari 1.4. Kwa naitroksi ya 32, gawanya 1.4 kwa 0.32, unapata 4.375. Toa 1 ya hewa ya juu ya maji, zidisha kwa 10, maana kila bari ni mita 10 za maji: mita 33 na kitu. Kwa 36 ni 28 na kitu. Hesabu ngumu kuliko hiyo hukutani nayo sana. Ukipita kikomo unaweza kushikwa na degedege bila dalili yoyote. Nchi kavu mtu wa degedege huinuka. Chini ya maji regileta, kile kifaa cha kupumulia, inamtoka mdomoni.

Nadharia unasoma kwenye simu, vitendo havizidi siku moja, na kwa PADI kuzama baharini si lazima katika kozi hii. Kazi yenyewe ni kupima mtungi. Washa kipimo cha oksijeni, kirekebishe kwenye hewa ya wazi kisome 20.9, fungua valvu kidogo tu hewa itoke taratibu, subiri namba itulie. Kisha unaandika kwenye utepe, ubandike mtungini: asilimia, kina cha mwisho, tarehe, jina lako. Unapima mwenyewe, hata kama aliyejaza ni kaka yako.

Mitungi inategemea wanavyojaza. Wakitia oksijeni tupu kwanza, mtungi na valvu lazima visafishwe maalumu, maana oksijeni tupu ikikutana na grisi kwa presha kubwa huwaka. Kompresa ikiwa na utando wa kuchuja nitrojeni kabla ya kujaza, hamna shida hiyo.

NahodhaMstaafu

Wazee wetu walizama kwa pumzi zao na wakarudi na chaza. Vijana mnapenda makaratasi.

MwalimuWaChole

Mzee wangu shikamoo. Aliyezama kwa pumzi yake hakuvuta hewa ya presha kule chini, akapanda tena baada ya saa nzima. Na wengine hawakurudi, hao hatuwahesabu.

BintiMuscat

Mie nazamia visiwa vya Daymaniyat huku Oman. Naongeza moja: kompyuta ya mzamiaji, ile ya mkononi inayokuhesabia muda wa kukaa chini. Ukishapima mtungi, iwekee asilimia ile ile uliyoisoma, na kabla ya mzamo wa pili itazame tena, nyengine hujirudisha zenyewe kwenye 21. Hilo la kusema naitroksi haichoshi, watu wanaliapia botini, lakini waliolipima kitaalamu hawajalithibitisha. Usilipie kozi kwa ajili hiyo.

MtotoWaNungwi

Ahsanteni sana. Nimeuliza, kompresa yetu ni ya utando. Ila kipimo ni kimoja tu, na leo kwenye hewa ya wazi kimekwama 19. Nimezungusha kitufe mpaka mwisho, hakipandi.

MwalimuWaChole

Selo, ile sehemu ya ndani ya kipimo inayohisi oksijeni, imechoka. Umri wake ni miaka michache tu, hata ikikaa kabatini. Mwambie bosi aagize nyingine, na mpaka ifike msimpe mtu yeyote mtungi wa naitroksi.